Masonara wa Boston na Vyombo vya Fedha

Katika karne ya 17 koloni la Massachusetts halikuwa na benki, na sarafu za fedha zilizozunguka humo zilikuwa mseto, nyingi za Kihispania zilizotoka Mexico na Peru, baadhi zikiwa zimekwanguliwa kingo. Zikiibwa, mwenyewe hakuwa na namna ya kuzitambua. Kwa hiyo mfanyabiashara mwenye akiba alizipeleka kwa sonara, zikayeyushwa, zikarudi kwake zikiwa kikombe au bakuli lililochorwa herufi tatu: ya ukoo juu, ya mume na ya mke chini. Chombo kilipamba kabati na kuonyesha hadhi ya nyumba. Shida ikiingia, kilirudi motoni.

Mwaka 1652 watawala wa koloni waliwakabidhi masonara John Hull na Robert Sanderson kazi ya kupiga shilingi. Kazi iliendelea takriban miaka 30, lakini karibu sarafu zote ziliandikwa 1652. Mwanagenzi wao, Jeremiah Dummer, akawa sonara mashuhuri wa kwanza aliyezaliwa kolonini.

London vyombo vya fedha vilipimwa na chama cha masonara kabla ya kuuzwa. Boston haikuwa na kipimo hicho. Dhamana pekee ilikuwa chapa ya fundi, kwa kawaida herufi za jina lake. Uaminifu ulikuwa nusu ya ufundi, na si ajabu kwamba Hull alipata pia kuwa mweka hazina wa koloni.

Bakuli maarufu kuliko yote ni lile la sonara Paul Revere la mwaka 1768, lililoagizwa na wanachama 15 wa Wana wa Uhuru, kundi lililopinga sera za Uingereza. Liliwaenzi wabunge 92 wa Massachusetts waliokataa kufuta waraka wa kupinga kodi za Uingereza. Siasa, safari hii, ilifuliwa kwa nyundo.

Vyombo vya kioo, katika makoloni jirani, vilikuwa na bahati mbaya zaidi kuliko vya fedha. Ni kweli kwamba Caspar Wistar alifungua kiwanda cha kioo New Jersey mwaka 1739 na kikadumu. Lakini Henry William Stiegel, mwenye kiwanda cha kioo Pennsylvania, alifilisika mwaka 1774. Mashine za kushindilia kioo kwenye kalibu, zilizoanza kutumika miaka ya 1820, ndizo zilizokifikisha kwenye meza za watu wa kawaida.

Massachusetts Bank ilifunguliwa Boston mwaka 1784, na akiba ikapata mahali pengine pa kukaa. Kisha mng'ao wa fedha nao ukawa rahisi kupata: kuanzia miaka ya 1840, vijiko vya madini hafifu vilipakwa utando wa fedha kwa umeme, vikauzwa kwa bei ndogo.