Njia ya Kodi Kutoka Heru Juu

Heru Juu, wilayani Kasulu, ndiko yalikokuwa makao ya Mwami wa Heru. Zamani Waha walimpelekea mtawala wao ng'ombe, mavuno na nguvu za mikono. Miaka ya 1920, chini ya Gavana Donald Cameron, Waingereza wakaigeuza michango hiyo kuwa kodi ya fedha taslimu, na watawala wa jadi wakalipwa mshahara uliotoka humo humo.

Fedha yenyewe Buha, nchi ya Waha, ilikuwa haba. Basi vijana wa Kasulu na Kibondo wakashika njia, wengi kwa miguu, kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Huko wakaitwa manamba. Kila mmoja alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ya kuumwa haikuhesabiwa, na mpaka siku zote 30 zitimie, mshahara hautoki. Jasho la kipande ndilo lililolipa kodi, nayo kodi ikamlipa mkubwa.

Lakini tusiwachanganye wakubwa wote. Mwami Theresa Ntare, aliyeshika utawala wa Heru mwaka 1946, aliunga mkono TANU wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa na gharama kwa mtu anayelipwa na serikali ya kikoloni.

Machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963. Viti havikukaa vitupu; wakubwa wapya wa serikali wakavikalia. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipogomea Jeshi la Kujenga Taifa, Nyerere aliwarudisha makwao, kisha akageukia mishahara ya wakubwa na kukata wake kwa asilimia 20, kutoka shilingi 5,000 kwa mwezi. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na masharti ya uongozi. Masharti hayo yakalegezwa katika kikao cha chama kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991, kimya kimya, na tangu hapo mashangingi ya wakubwa yamezidi kunona.

Juni 2011, Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alikataa posho ya kikao. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kukaa bungeni ndiyo kazi ya mbunge, na kazi hiyo ina mshahara. Hakupata wafuasi wengi. Kabla mwaka haujaisha, Spika Anne Makinda alithibitisha kuwa posho imepanda kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, kwa sababu maisha ya Dodoma yamekuwa ghali. Kweli yalikuwa ghali. Mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 20, na ulimbana vilevile muuza maharage wa sokoni Kasulu, ambaye hakuwa na wa kumpandishia chochote.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Kasulu na Kibondo, mgombea akija kuomba kura, mwache amalize ahadi zake za barabara na maji. Kisha muulize mbele ya watu: posho ya kikao utaisaini, au hutaisaini?