Pora Sita wa Göttingen

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne husinzia nikitaja homoni. Nikianza na kuku wa Berthold, hata wa dawati la nyuma huinua kichwa.

Mwaka 1849, mjini Göttingen, Ujerumani, mwanafiziolojia Arnold Berthold alichapisha jaribio lake la pora sita. Wawili aliwahasi kabisa: upanga ukapauka, hawakupigana, mitetea hawakuwashughulisha. Wanne waliosalia walibaki na korodani moja moja, iliyong'olewa mahali pake na kuachwa huru tumboni. Wawili kati yao hata walibadilishana. Hao wanne wakawa majogoo hasa, wenye upanga mwekundu, ndevu, kuwika na ugomvi.

Alipowapasua, alikuta korodani imeshikamana na utumbo na kuota mishipa mipya ya damu. Mishipa ya fahamu ilikuwa imekatika. Kwa hiyo kilichomfanya jogoo awe jogoo kilisafiri ndani ya damu. Sijaona jaribio safi kuliko hilo, na aliliandika kwa kurasa nne tu! Wenzake wakalipuuza kwa miongo.

Mwaka 1889 mjini Paris, mwanafiziolojia Brown-Séquard, mzee wa miaka 72, alijidunga majimaji ya korodani za mbwa akadai karudiwa na ujana. Dawa za nguvu za kiume zinazouzwa stendi zina babu yao hapo.

Homoni yenyewe ilipatikana 1935, Amsterdam: kundi la Ernst Laqueur lilikamua takriban kilo 100 za korodani za mafahali, likapata miligramu 10 hivi za testosteroni. Mwanamume mzima hutengeneza miligramu chache kila siku.