Upatanisho wa Kisarufi: Kiima na Kitenzi Chake katika Kiingereza

Mwanafunzi wa Palma au Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, huingia kwenye somo la Kiingereza akiwa tayari na lugha mbili au tatu. Nyumbani ni Kimwani, Kimakwe, Kimakonde au Kiswahili. Shuleni ni Kireno, lugha rasmi ya Msumbiji tangu uhuru wa 1975. Tangu gesi ilipogunduliwa katika bonde la Ruvuma mwaka 2010, na kambi ya mradi wa gesi kujengwa Afungi, karibu na Palma, Kiingereza kimekuwa lugha ya mikataba na ya barua za kuombea kazi. Katika barua hizo kuna aina ya kosa inayojirudia kuliko nyingi nyingine, nayo ina jina la Kiswahili lililo wazi: kuvunja upatanisho wa kisarufi.

Upatanisho wa kisarufi ni kanuni inayotaka maneno ya sentensi yafuate nomino inayoyatawala. Mwalimu wa Kireno huiita concordância. Waingereza husema agreement au concord. Kwa Kiswahili yapo maneno mengine ambayo yangeweza kutumika, lakini hayatoshi. Makubaliano huhitaji pande mbili zinazojadiliana, ilhali ndani ya sentensi kitenzi hakijadiliani na kiima: kinakifuata. Uwiano nao umezoeleka zaidi katika hesabu. Upatanisho unatokana na kupatanisha, yaani kufanya vilivyo mbali vikae pamoja, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kanuni hii.

Kanuni hii si ngeni pwani ya Cabo Delgado. Mwaka 1856 mwanaisimu Wilhelm Bleek alichapisha London orodha za maneno ya lugha za Msumbiji, zilizokusanywa na Mjerumani mwenzake Wilhelm Peters katika safari zake za miaka ya 1840. Moja ya orodha hizo ni ya maneno ya Cabo Delgado. Mwaka 1862 Bleek huyohuyo alitoa sehemu ya kwanza ya sarufi linganishi iliyoipa familia ya lugha zetu jina la Kibantu, na kuziweka ngeli na upatanisho wake katikati ya maelezo. Mtoto wa Kimwani hutumia kanuni hiyo kabla hajajua kusoma. Kinachomponza katika Kiingereza ni mahali alama yake inapokaa.

Tuanze na kosa la kwanza. Kwa Kiswahili, kaka yangu anafanya kazi Palma, na kaka zangu wanafanya kazi Palma: alama ya kiima imetangulia kitenzi na haikosekani. Kiingereza kimebakiwa na alama moja tu kwa vitenzi vya kawaida vya wakati uliopo, nayo iko mwishoni: herufi s, kwa nafsi ya tatu umoja. Ndiyo maana mtu huandika “My brother work in Palma”, akaisahau. Sahihi ni “My brother works in Palma”. Tena s hiyo ina mtego wake: kwenye nomino huonyesha wingi, kwenye kitenzi huonyesha umoja. “The boat leaves” ni chombo kimoja. “The boats leave” ni vyombo vingi.

Kosa la pili huzaliwa kiima kinapokuwa kirefu. Wengi huandika “The boxes of fish is on the beach”, kwa sababu neno la karibu na kitenzi ni samaki. Kwa Kiswahili hakuna asemaye “masanduku ya samaki yuko ufukweni”. Kihusishi “ya” tayari kimebeba ngeli ya masanduku, na sikio linangoja “yako”. Kiingereza kina “of” moja kwa nomino zote, haibadiliki, kwa hiyo haimwonyeshi mwandishi njia ya kurudi kwenye nomino kuu. Dawa ni kuisema sentensi kwa Kiswahili kwanza. Masanduku yako: basi ni “are”. Orodha ya wavuvi iko ofisini: basi ni “The list of fishermen is in the office”, hata wavuvi wawe mia.

Kosa la tatu lina sura mbili zinazopingana. Katika sura ya kwanza kiima hurudiwa: “The fishermen they sell fish”. Mwandishi ameihamisha “wa” ya “wanauza” ikawa neno kamili, wakati Kiingereza kinataka kiima kimoja tu: “The fishermen sell fish”. Katika sura ya pili kiima huachwa kabisa: “Is raining”. Hapo Kiswahili na Kireno vimeshirikiana, kwani “inanyesha” na “está a chover” zinajitosheleza. Kiingereza hudai kiima hata pasipo na mtendaji: “It is raining”.

Kireno kina mitego yake pia. “A gente” (watu) ni umoja, hivyo mtu huandika “people is”. Hapo Kiswahili kinamwokoa, kwa kuwa watu huchukua “wa-”, basi ni “people are”. Kwa upande mwingine, “as notícias são” (habari ni) humpeleka kwenye “the news are”, wakati sahihi ni “the news is”. Hili Kiswahili hakilitatui, maana habari haibadiliki katika umoja na wingi. Ni la kukariri.

Jambo moja zaidi linahitaji uangalifu. Upatanisho haufuati umbo siku zote. Mara nyingine hufuata maana. Twasema kijana anakuja, hatusemi kinakuja, kwa sababu kijana ni mtu. Kiingereza nacho husema “the police are here”, ingawa neno halina s ya wingi.

Walimu wa Kiingereza wa Palma, Mocímboa da Praia na visiwa vya Quirimbas, lifundisheni neno upatanisho waziwazi, na mwambieni mwanafunzi atumie lugha ya kwao kama kipimo. Hatua ni tatu: tafuta kiima, kiseme kwa lugha yako usikie kiambishi chake, kisha chagua umbo la kitenzi. Mtoto aliyelelewa kwa Kimwani au Kiswahili anaimudu tayari kanuni yenyewe, na si haki kumwambia kwamba hajui sarufi.