Olkaria: Mvuke uliosubiri sera

Tangu miaka ya 1950 ilijulikana kwamba chini ya Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha nchini Kenya, kuna joto la kutosha kuendesha mitambo. Vikachimbwa visima viwili, mvuke haukutosha, kazi ikaachwa. Wakati huo huko Katanga, Kongo, maji moto ya Kiabukwa yalikuwa yameanza kuzalisha umeme kidogo wa mgodi mwaka 1952, jambo linalosahauliwa na wanaoiita Olkaria ya kwanza Afrika.

Mafuta kupanda bei mwaka 1973 kulizidi kuisukuma Kenya irudi visimani. Serikali na Umoja wa Mataifa walichimba tena, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria iliyoweka jotoardhi yote mikononi mwa serikali. Kufikia 1985 megawati zilikuwa 45. Kisha mambo yakalala. Kituo cha Olkaria II kiliwaka mwaka 2003, baada ya ukame wa 1999 na 2000 kukausha mabwawa ya umeme na Wakenya kuonja mgawo wa umeme.

Mbona ikachukua muda hivyo? Ujuzi ulikuwepo. Taabu ilikuwa kisima chenyewe: hushuka hadi kilomita tatu, hula mamilioni ya dola, na huweza kutoka kikavu. Mwekezaji gani atatia fedha kwenye bahati nasibu? Jibu lilitoka kwenye sera. Sheria mpya ya Nishati ikapitishwa mwaka 2006, na mwaka 2008 ikaundwa kampuni ya umma, GDC, ibebe hasara ya visima vinavyokataa. Kwangu mimi, uamuzi huo ulifanya kazi kubwa kuliko mtambo wowote. Mwaka 2014 Olkaria IV ikaongeza megawati 140, na leo jotoardhi hutoa zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya.

Sera hiyo, hata hivyo, ilimjali mwekezaji kuliko jirani. Wamaasai waliohamishwa kupisha Olkaria IV walipeleka malalamiko yao Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ikabidi waje wasuluhishi. Sheria ya Nishati ya 2019 ndiyo iliyotamka kwamba katika mrabaha wa jotoardhi, kaunti ipate asilimia 20 na jamii ya mahali asilimia 5. Ilikuja miaka 37 baada ya ile iliyoukabidhi mvuke kwa serikali.