Michelle Howard: Mwanamke Aliyepanda Manowari

Bahari haikuumbwa na mlango. Mlango uliwekwa na wanadamu, na kwa karne nyingi ukafungwa mbele ya wanawake. Michelle Howard aliukuta umefungwa kwa sheria.

Alizaliwa mwaka 1960 katika kambi ya jeshi la anga huko California, Marekani, baba yake akiwa askari wa jeshi hilo. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alitazama katika televisheni habari za chuo cha maofisa, naye akatamani kusoma huko. Mama yake alimweleza kwamba sheria haikuwaruhusu wanawake; lakini akikua na nia yake ikabaki ile ile, basi wataishitaki serikali. Haikulazimu kufika huko. Mwaka 1975 sheria ilibadilishwa, na mwaka uliofuata wanawake wa kwanza wakaingia chuo cha wanamaji cha Annapolis. Howard alihitimu hapo mwaka 1982.

Hata hivyo, kuhitimu hakukuwa kufika. Hadi mwaka 1993 sheria iliwazuia wanawake kutumikia katika meli za mapigano. Na ofisa asiyeruhusiwa kupanda manowari ataiongozaje? Howard alianzia katika vyombo vya huduma na mafunzo, akastahimili, hata tarehe 12 Machi 1999 akakabidhiwa meli ya USS Rushmore. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza chombo cha jeshi la majini la Marekani.

Miaka kumi baadaye, jina lake liligusa maji yetu. Ilikuwa Aprili 2009, majira ya tangambili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika. Meli ya Maersk Alabama, iliyobeba chakula cha msaada, ilikuwa njiani kuja Mombasa ilipovamiwa na maharamia karibu na Somalia tarehe 8. Walipoishindwa meli, walimchukua nahodha wake, Richard Phillips, wakaondoka naye katika mashua ya kuokolea maisha. Howard alikuwa na siku chache tu tangu ashike uongozi wa kikosi cha mataifa cha kupambana na uharamia. Tarehe 12 wadunguzi waliwaua maharamia watatu, na Phillips akaokolewa akiwa hai. Shehena ile ilifika Mombasa.

Tarehe 1 Julai 2014 alivishwa nyota ya nne, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa jeshi hilo. Alipoagiza alama za mabegani za cheo chake, aliambiwa kwamba za kike hazipo. Hakuna aliyewahi kuzihitaji. Ikabidi zitengenezwe.

Alistaafu mwaka 2017. Mtoto aliyeambiwa kwamba sheria haimruhusu aliacha nyuma yake alama hizo zikiwa tayari zimeshonwa, zikimngoja bega la mwingine.