Sare Sita Zilizoinyima Green Bay Ubingwa

Septemba 28, 2025, Green Bay Packers na Dallas Cowboys walitoka sare ya 40-40 baada ya muda wa nyongeza. Kwenye msimamo wa NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, sare ile ilihesabiwa nusu ushindi kwa kila upande. Kwa Green Bay nusu hiyo ina historia chungu. Mwaka 1932 klabu hii ilikosa ubingwa kwa sababu sare haikuhesabiwa kitu.

NFL haipangi timu kwa pointi kama tulivyozoea kwenye soka. Inatumia asilimia ya ushindi: mechi ulizoshinda unazigawanya kwa mechi zako zote, na jibu linaandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Aliyeshinda nusu ana .500. Ligi ilipoanzishwa mwaka 1920, mashabiki wa besiboli walikuwa wameshaizoea hesabu hii. Ilifaa pia kwa sababu timu hazikucheza idadi sawa ya mechi. Ila besiboli huendelea mpaka mshindi apatikane, na sare ni nadra. Mpira wa Kimarekani wa enzi hizo ulikuwa umejaa sare, na ligi ikaamua kuzitupa nje ya hesabu kana kwamba hazikuchezwa.

Packers wa kocha Curly Lambeau walikuwa mabingwa wa 1929, 1930 na 1931, na walikuwa wanausaka ubingwa wa nne mfululizo. Chicago Bears, kwa upande wao, walianza msimu wa 1932 kwa mechi nne bila kupata hata pointi moja: sare tatu za 0-0, kisha wakafungwa 2-0 na Packers haohao. Baada ya hapo hawakufungwa tena. Desemba Packers wakateleza, wakapoteza mechi mbili za mwisho mbele ya Portsmouth Spartans na Bears.

Packers wakamaliza na ushindi 10, vipigo 3 na sare 1. Bears walishinda 6, wakafungwa 1, wakatoka sare 6. Spartans walishinda 6, wakafungwa 1, sare 4. Ondoa sare: Bears na Spartans wana 6 kati ya 7, yaani .857, na Packers wana 10 kati ya 13, yaani .769. Timu iliyoshinda mara 10 ikawa nyuma ya mbili zilizoshinda mara sita sita. Ukiihesabu kila sare kuwa nusu, Packers wanapata .750, Spartans .727 na Bears .692. Msimamo unapinduka wote, aliye juu anakwenda chini.

Kwa vile Bears na Spartans walilingana, ikaamuliwa wacheze mechi moja zaidi, Desemba 18. Chicago ilikuwa na theluji na baridi kali, hivyo mchezo ukahamishiwa ndani ya ukumbi wa Chicago Stadium, juu ya udongo uliobaki baada ya maonyesho ya sarakasi. Uwanja ulienea yadi 80 tu, pungufu ya kawaida, na kuta zilikuwa karibu mno na mistari ya pembeni. Spartans walikuja bila nyota wao Dutch Clark, aliyekuwa amekwenda Colorado kufundisha mpira wa kikapu chuoni.

Mpaka robo ya nne ilikuwa 0-0. Ndipo Bronko Nagurski wa Bears akajifanya anaingia na mpira, akarudi nyuma, akamrushia mwenzake Red Grange ndani ya eneo la kufungia. Spartans walilalamika kwamba Nagurski hakuwa amerudi yadi tano nyuma ya mstari wa kuanzia kabla ya kurusha, kama sheria ilivyotaka. Waamuzi wakakataa. Bears wakashinda 9-0, na kwa kuwa mechi iliingizwa kwenye msimamo, Spartans wakashuka mpaka nafasi ya tatu.

Mwaka uliofuata ligi ilifuta sharti la yadi tano, ikajigawa makundi mawili na kuanzisha fainali. Sare zenyewe zilisubiri mpaka 1972 kupewa nusu. Miaka arobaini ni mingi mno kwa kosa ambalo kila mtu aliliona kwenye karatasi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu kurasa zetu za michezo bado zinalirudia. Tunaandika kwamba kocha fulani ana asilimia 60 ya ushindi na tunaishia hapo. Katika mechi 10, aliyeshinda 6 na kufungwa 4 ana asilimia hiyo, na aliyeshinda 6 na kutoka sare 4 anayo hiyohiyo. Kwa pointi za soka, wa kwanza amevuna 18 kati ya 30, wa pili 22. Msomaji anastahili kuambiwa sare zilikuwa ngapi na mechi zilikuwa ngapi.

Spartans walihamia Detroit mwaka 1934 na ndio Lions wa leo. Packers wametwaa ubingwa mara 13. Kwenye orodha yao, baada ya 1931 unafuata 1936.