Mikono Iliyotoa Pumzi

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu alimfanya mtu kwa udongo, kisha akampulizia pumzi ya uhai. Zawadi hiyo hatuikumbuki mpaka siku inapotuponyoka. Leo tutaeleza jinsi watu walivyojifunza kumpa mwenzao pumzi, usiku na mchana, siku nyingi.

Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliingia kwa ukali mjini Copenhagen, nchini Denmark. Sisi twaujua kwa kulemaza miguu. Lakini mara nyingine hupoozesha koo na kifua pia, na mgonjwa hufa kwa kukosa pumzi, akili yake ikiwa timamu. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine moja tu kubwa ya chuma ya kuvutia pumzi, na sita ndogo za kufungwa kifuani. Wagonjwa 31 wa kwanza walitiwa katika mashine hizo; 27 walikufa.

Mganga mkuu, Lassen, hakuona haya kuomba shauri. Alimwita Bjørn Ibsen, ambaye kazi yake ilikuwa kuwalaza usingizi watu wanaopasuliwa. Tarehe 27 Agosti aliletewa msichana wa miaka 12, karibu kukata roho. Msichana akatobolewa koo, akatiwa mrija katika njia ya pumzi. Kwanza haikufaa: mtoto alishindana, hewa haikupita. Ibsen akampa dawa ya usingizi, mwili ukalegea. Kisha akaminya kwa mkono mfuko wa mpira wenye oksijeni, na kifua kikainuka. Msichana hakufa.

Lakini nani angeminya mifuko ya wagonjwa wote? Kuna siku walikuwa 70 pamoja. Basi wakaitwa wanafunzi wa uganga, jumla yao karibu 1,500. Waliketi kando ya vitanda kwa zamu, wakiminya na kuachia, wakiminya na kuachia. Mgonjwa asiyeweza kusema aliomba kwa macho. Wengine walimwona mgonjwa wao akifa mbele yao, hata hivyo wakarudi tena kazini. Saa zao zilihesabiwa kuwa 165,000, na vifo vikapungua chini ya nusu.

Baadaye mashine mpya zilishika kazi ya mikono ile. Mwaka 1953 Ibsen alifungua mjini humo chumba cha kuwalinda wagonjwa mahututi, na vyumba vya namna hiyo vikaenea duniani. Katika Marekani, kutunza pumzi ya wagonjwa ni ufundi wenye watu wake. Penginepo wauguzi na waganga huufanya.

Mashine zilileta pia swali: je, ni lazima kuziendesha hata pasipo tumaini? Waganga walimwuliza Baba Mtakatifu Pius XII, naye akawajibu tarehe 24 Novemba 1957. Alifundisha kwamba mtu ana wajibu wa kulinda uhai wake kwa njia za kawaida, lakini halazimiki kutumia zile zinazoleta mzigo mzito kupita kiasi. Tena mganga hana haki ya kumtenda mgonjwa pasipo ridhaa yake.

Wapenzi, wanafunzi wale walikuwa na mfuko wa mpira tu, na saa za kukaa. Tukiitwa kukesha kwa mgonjwa, tusiseme kwamba hatuna kitu cha kumpa.